Namba Moja Haitoshi Kupima Maumivu ya Neva

Mkulima wa Litumbandyosi mwenye kisukari afikapo hospitalini mjini Mbinga huulizwa: kati ya sifuri na kumi, maumivu yako yamefikia wapi? Hujibu tano, kwa kuwa mchana huo miguu imetulia. Usiku uliotangulia hakulala. Hata shuka likigusa nyayo alishtuka. Tano hiyo ndiyo iandikwayo katika faili, na ndiyo iamuayo dawa.

Sikikatai kipimo cha namba. Hakihitaji kifaa, tena humlinganisha mgonjwa na nafsi yake mwenyewe. Mwaka 2001 Farrar na wenzake walichambua majaribio 10 ya dawa, wakaona kuwa upungufu wa takribani alama 2, yaani asilimia 30, ndio ambao wagonjwa wenyewe waliuhesabu kuwa nafuu ya maana. Aliyeshuka kutoka 8 hadi 6 bado anaumwa, lakini dawa inafanya kazi. Ulinganisho huo huharibika iwapo leo tumeuliza maumivu ya sasa hivi na mwezi ujao tukauliza ya juma zima. Kwa maoni yangu, swali la usiku lisikosekane kamwe.

Linalonisumbua zaidi ni neno ganzi. Mgonjwa wa kisukari, au aliyewahi kuugua ukoma, akisema miguu imekufa ganzi, wapo watoa huduma wanaoandika sifuri. Kumbe neva iliyoharibika yaweza kupoteza hisia na wakati huohuo ikaunguza: mguu usiosikia mwiba ndio huohuo unaowaka moto usiku. Dodoso la DN4, lililochapishwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 2005, huhesabu ganzi miongoni mwa dalili zake 10, pamoja na kuungua, kupigwa shoti na kuchomwa sindano. Alama 4 huashiria maumivu ya neva. Sehemu ya uchunguzi huhitaji brashi laini na kitu chenye ncha, vitu ambavyo zahanati yoyote yaweza kuvipata.

Dodoso halipimi ukali, na namba haionyeshi aina. Vyote viwili viandikwe, pamoja na maneno ya mgonjwa mwenyewe, hata akiyasema kwa Kimatengo. Aliyeandikiwa tano tupu huelekea kurudi nyumbani na panadoli, ambayo haisaidii sana neva. Aliyeandikiwa “moto usiku, ganzi mchana” ana nafasi ya kufikiriwa amitriptilini, dawa ya zamani isiyo ghali, na ya kukaguliwa nyayo kabla hajavaa viatu.