KWANZA DENI, HALAFU SAFARI



Mshahara usiolipwa ni deni. Ovataimu isiyolipwa ni deni. Kiinua mgongo ni deni. Kwa hiyo mfanya kazi ni mdai kama benki ilivyo mdai, ila yeye hana rehani mkononi.

Huko Ulaya kampani yaweza kuhamia nchi nyingine katika daftari la Serikali bila kuhamisha hata kiti kimoja. Mwaka 2011 wenye kampani ya Polbud ya Poland waliazimia kuihamishia Luxembourg. Poland ilikataa kuifuta katika daftari lake mpaka ifungwe kwanza na hesabu zake zimalizwe. Tarehe 25 Oktoba 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema: kuwalinda wadai na wafanya kazi ni halali, lakini kulazimisha kila kampani inayohama ifungwe ni kupita kiasi.

Twauliza: karatasi ikisafiri, mdai ataifuata kwa nauli ya nani?

Sheria ya Umoja huo ya 2019, ambayo nchi zake zilipewa mpaka 31 Januari 2023 kuitia katika sheria zao, imetia breki kidogo. Kampani lazima itangaze mpango wake. Mdai ambaye siku ya kulipwa haijafika ana miezi 3 ya kuomba dhamana. Kampani ikisha kuhama, aweza kuishtaki katika nchi ya zamani kwa miaka 2. Na safari ya hila yaweza kuzuiwa.

Ni vizuri, lakini haitoshi. Mdai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba deni lake limo hatarini, hali vitabu vya hesabu vimo kabatini mwa tajiri! Na pensheni ya kijana wa leo italipwa baada ya miaka 30. Hiyo miaka 2 itamfaa nini?

Watatuambia deni halifi, lafuata kampani. Kweli. Hata ng'ombe aliyevushwa mto usiku bado ni wako. Nani atamrudisha?

Ndugu, tusiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Twataka kila mkataba wetu useme hivi: tajiri akitaka kubadili jina, umbo au nchi ya kampani, akipe chama habari mapema, na aweke dhamana ya kila senti kabla ya kutia sahihi. Nawe mwanachama, tunza karatasi zako za mshahara. Huo ndio ushahidi wako.

Umoja ni nguvu!