«Mfumo Umekataa» Si Jibu la Serikali

Wiki chache zilizopita niliketi kando ya fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuunganisha mfumo mpya wa maombi ya ufadhili wa masomo na huduma ya uthibitishaji wa watumiaji, yaani ile huduma inayoamua kama anayebisha hodi ndiye kweli anayejiita. Hakubofya kitufe chochote. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika mistari mitano au sita, na kabla chai haijapoa kazi ikawa imekwisha. Nilimpongeza. Nilipofika nyumbani, nilijuta.

Nilijuta kwa sababu ya mambo matatu niliyoyaona nikayanyamazia. Zana ile ilimwuliza mfumo mpya uruhusiwe kusoma taarifa gani za mwombaji. Uliohitajika ni jina na nambari ya usajili tu. Yeye akaruhusu kila kitu: simu, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kitambulisho na anwani. «Tukikosa kimoja baadaye, itabidi tuombe upya,» alisema. Kisha zana ikatoa ufunguo wa siri, ule mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ambao mfumo huutumia kujitambulisha kwa huduma. Akaunakili na kuutuma kwenye kundi la simu la wafanyakazi, «usipotee». La tatu, akaunti aliyoingilia haikuwa yake. Ilikuwa ya afisa aliyehamishwa mwaka uliopita, na nywila yake inajulikana na ofisi nzima.

Simlaumu fundi. Hakupewa mwongozo, alipewa tarehe ya mwisho. Ugomvi wangu ni na wakubwa wake, na sisi wasomi pamoja nao, tuliozoea kusema kwamba hayo ni «mambo ya kiufundi» na kuondoka chumbani.

Si mambo ya kiufundi. Lau waziri angetoa waraka kwamba kila mwombaji wa ufadhili akabidhi anwani yake na tarehe yake ya kuzaliwa kwa ofisi isiyozihitaji, tungeandamana. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi, katika Ibara ya 10, miongoni mwa maadili ya taifa, na Ibara ya 31 inalinda faragha ya kila mtu. Lakini uamuzi uleule ulipopitishwa kwa mstari mmoja wa amri, haukuwa na kikao, haukuwa na kumbukumbu, wala haukuwa na jina la aliyeuidhinisha.

Atakayesema nakuza mambo na aikumbuke Huduma Namba. Usajili ulifanyika mwaka 2019. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa taarifa za vinasaba na za mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, ikasema mpango usiendelee bila mfumo wa kisheria unaotosheleza. Oktoba 2021 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanywa. Mara zote mbili mashine ilitangulia, sheria ikaifuata ikihema. India nayo ilianza kutoa nambari za Aadhaar mwaka 2010. Ni Septemba 2018 tu ndipo Mahakama ya Juu ilipoifuta ruhusa ya kampuni binafsi kumdai mtu nambari hiyo.

Wapo watakaonijibu kwamba bila uthibitishaji mali ya umma italiwa na majina hewa. Nakubali. Mlango wa hazina ya umma lazima uwe na kufuli, na mimi sitetei wezi wa ufadhili. Lakini kuthibitisha ni kujibu swali «wewe ni nani?», na kuidhinisha ni kujibu «unaruhusiwa nini?». Liko swali la tatu ambalo ofisi zetu haziliulizi: mfumo wenyewe unaruhusiwa kujua nini juu yako?

Wala tusiisingizie zana. Kanuni za OAuth 2.0, zinazotumiwa na huduma nyingi za aina hii na zilizochapishwa mwaka 2012, zilibuniwa ili programu ipewe ruhusa yenye mipaka bila mtu kuikabidhi nywila yake. Mipaka ipo, ni sisi tunaoiacha wazi. Ufunguo wa siri unaweza kuhifadhiwa mahali palipofungwa, ukabadilishwa kila baada ya muda, na ukafutwa mara unapovuja. Kuandika amri inayoomba taarifa mbili hakugharimu shilingi moja zaidi ya kuandika inayoomba sita.

Gharama halisi inamwangukia mwingine. Mfikirie mwanafunzi aliyepoteza laini yake ya simu. Nambari ya kuthibitisha inatumwa kwa simu asiyokuwa nayo, anafika dirishani, na karani anamwambia, «Mfumo umekataa.» Ibara ya 47 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya utawala inapoathiri haki yake. «Mfumo umekataa» si sababu. Ni njia ya mtumishi wa umma kujificha nyuma ya mashine aliyoiweka yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nadai mambo manne. Kila muunganisho wa aina hii uwe na idhini ya maandishi inayotaja taarifa zinazoombwa na sababu ya kila moja. Funguo za siri ziwe mali ya taasisi, zisiwe za fundi wala mkandarasi. Kila anayeingia aingie kwa akaunti yake, na akihama ifungwe siku hiyohiyo. Na kila mlango wa mashine uwe na mlango wa binadamu kando yake, wenye afisa mwenye jina na mamlaka ya kusikiliza rufaa.

Nyinyi watumishi wa umma mnaweza kuanza kesho, bila kungoja waraka. Nyinyi wanaharakati na wanafunzi, Ibara ya 35 inawapa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali: ulizeni kwa barua mifumo inayowahudumia inasoma nini juu yenu, na nani ameshika ufunguo. Nami nitarudi katika ofisi ile kuomba msamaha kwa ukimya wangu, na kumwomba fundi afungue tena lile dirisha jeusi, tufute pamoja ruhusa nne zisizohitajika na ule ufunguo uliosambazwa.