Funzo la Korogwe: Kwa Nini Chanjo Husubiri Umri wa Mtoto

Wazazi huuliza kwa nini mtoto huchanjwa dhidi ya kifua kikuu mara anapozaliwa, ilhali chanjo ya surua husubiri miezi 9. Sehemu ya jibu ilionekana Korogwe, mkoani Tanga, na Bagamoyo, vituo viwili kati ya 11 barani Afrika vilivyofanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009.

Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36. Kwa walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, asilimia 26 tu. Kinga ya mtoto mchanga si ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa. Tumboni huzoea kuvumilia chembe za mama. Baada ya kuzaliwa hutegemea kingamwili za mama huyo, ambazo humlinda mtoto lakini pia huweza kudhoofisha baadhi ya chanjo, ikiwamo ya surua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S ianze miezi 5.

Tarehe ya kadi ya kliniki, basi, si urasimu wa zahanati. Aliyeikosa arejee mapema, kwani kingamwili za mama huzidi kupungua.