Bomba la Hoima Halitashusha Bei ya Esansi Butembo

Wamotari wa Butembo wanalisema, Kadhafi wanaouza esansi kando ya barabara Beni wanalisema, na siku hizi hata wafanyabiashara wakubwa wanalirudia: Uganda ikimaliza bomba lake, esansi itashuka bei kwetu, kisha mafuta ya upande wetu wa Ziwa Albert nayo yatapata njia ya kutokea. Si kweli, na kuamini hivyo kunatuumiza.

Bomba hilo linaanzia Kabaale, Hoima, na kwenda kilomita 1,443 hadi Chongoleani, karibu na Tanga. Ni la kubeba mafuta ghafi yenye nta, yanayoganda yasipopashwa moto njia nzima. Hakuna pikipiki inayotembea kwa ghafi. Yakifika pwani yanapakiwa melini na kuuzwa ng'ambo. TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania 15 kila moja, CNOOC ya China 8. Kongo haina kitu humo. Uganda yenyewe, yenye visima, bado inahitaji kiwanda cha kusafishia, na mkataba wake na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu ulitiwa saini Machi 2025 tu.

Esansi yetu inashukia Mombasa, inavuka Kenya na Uganda kwa safari ndefu, inafika mpakani Kasindi na kukutana na ushuru na makato yasiyoisha. Kutoka hapo hadi Beni ni kilomita 80 hivi, katika njia ambayo waasi wa ADF wameua watu na kuchoma magari. Huko ndiko bei inakopandia, na bomba la Hoima haligusi hata moja kati ya mambo hayo.

Wengine watasema tuchimbe yetu. Muanda, magharibi mwa nchi, mafuta yanatoka tangu miaka ya 1970. Yanauzwa nje yakiwa ghafi, na Kinshasa inaendelea kuagiza esansi kutoka nje. Na Ziwa Albert? Mwaka 2010 vitalu vyake viwili vilipewa Caprikat na Foxwhelp, kampuni zilizoandikishwa visiwa vya mbali. Havikutoa pipa hata moja, na mwaka 2022 serikali ilifikia makubaliano ya kurudishiwa. Julai 2022 Kinshasa ikapiga mnada vitalu 27, vingine vikiingia Hifadhi ya Virunga, lilipo Ziwa Edward. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Tungefurahia vipi visima kando ya ziwa hilo, wakati samaki wake wanaovuliwa Kyavinyonge ndio wanaoliwa Butembo?

Kinachonikasirisha zaidi ni kakao. Utajiri huu tunao tayari mikononi, Wanande wa Beni wanaulima huku wakizika ndugu zao waliouawa shambani, na magunia yanavuka Kasindi yakiwa punje tu, faida ya kusindika ikibaki kwa wengine. Hatujajifunza kuuza kakao iliyosindikwa, tunaota kuuza mafuta.

Ndoto hii inawapa nafuu wabunge wetu. Anayeahidi bomba haulizwi habari ya barabara ya Kasindi–Beni, ambayo Marais Tshisekedi na Museveni walizindua ujenzi wake mpakani Mpondwe Juni 2021, wala umeme wa mito yetu, ambao mitambo ya Mutwanga na Luviro imeshaonyesha kwamba unawezekana. Ndugu zangu, mgombea akija tena na hadithi ya mafuta, mwulizeni kwanza makato ya Kasindi yanakwenda wapi, na msimpe kura mpaka ajibu.