MAMBO YA MOTOKAA: Pampu ya Petroli Inapokataa Kazi

Barabara itokayo Garissa kwenda Dadaab ni mwendo wa kilometa 100 hivi, jua ni kali na vivuli si vingi. Dereva ambaye pikapu yake imezimika huko adhuhuri hapendi kuambiwa kwamba pampu ilikwisha onyesha dalili tangu juma lililopita. Basi, bwana msomaji, tuzitazame.

Twasema juu ya magari ya zamani yenye kabureta, kama pikapu za Peugeot 504, ndugu za gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake mna utando wa mpira uvutao petroli kutoka tangini. Utando ukipasuka, gari hukosa nguvu, hukohoa, kisha huzima. Tena petroli huweza kuingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Hilo ndilo baya kuliko yote, maana oili iliyozimuliwa hailindi beringi, na bei ya injini si bei ya pampu. Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse.

Lakini usikimbilie dukani. Joto la Garissa laweza kuigeuza petroli kuwa mvuke ndani ya mrija. Weka kitambaa chenye maji juu ya pampu, ungoje nusu saa; gari likiwaka na kwenda vema, huenda pampu haina kosa. Tazama pia chujio, kwani vumbi halina huruma, na tundu la hewa la kifuniko cha tangi.

Ikiwa pampu imekufa kweli, ngoja injini ipoe, ondoa waya wa betri, na mvuta sigara akae mbali. Fungua mirija, uzibe ule utokao tangini, kisha fungua nati za pampu. Kwangua gasketi ya kale. Kipande kinene cha kuzuia joto, kama kipo, kirudishe. Wengi hukitupa wakidhani hakina kazi. Pampu mpya ikigoma kukaa, usiilazimishe: zungusha injini kidogo kwa mkono mpaka kemu iuachie mkono wa pampu. Kaza nati kwa zamu. Kama oili ilinuka petroli, imwage na kutia mpya kabla ya kuwasha. Ndipo uwashe, uinamie pampu kwa dakika kadhaa ukitazama kama yavuja.