Barua ya wazi kwa Bwana DG: muhuri hauna masikio

Bungulu, Beni

Bwana DG,

Jina lako sikuliandika, wala la chuo ambacho wewe ni mkurugenzi mkuu wake; wanaohusika wanajijua. Barua nilizokuletea kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa na hapo zikaishia isipokuwa moja, ndiyo maana hii naipitisha mbele ya watu.

Mambo yangu unayajua. Nilichezea timu ya wasichana ya mpira wa mikono tangu L1, mwaka wa kwanza wa chuo, winga wa kushoto, na kwa kazi hiyo chuo kilinisamehe nusu ya minervali, yaani karo. Mwaka huu daktari alinitoa uwanjani kwa sababu ya moyo. Haukupita muda mhasibu wako naye akanitoa kwenye orodha ya msamaha, kwa maelezo kwamba mchezaji asiyecheza si mchezaji. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, hata mtoto wa shule ya msingi angeipata. Sikuweza kulipa iliyobaki, na siku ya mitihani nilikuwa nje ya mlango wa ukumbi, kalamu mkononi.

Lakini hela si jambo kubwa lililonifanya niandike. Nakuandikia kwa ajili ya ile karatasi.

Sertifika ya afya, ambayo kila mchezaji huilipia dola tano kabla ya michezo ya vyuo. Acha nikueleze inavyopatikana, kwa kuwa huenda huko juu inafika ikiwa imeshaiva. Kapteni anakusanya majina na hela, anakwenda kwenye chumba kile kidogo nyuma ya maktaba. Nilimsindikiza mara moja. Bwana aliyeko pale alifungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia kwa mdomo kwa sababu wino ulikuwa umekauka, kisha akapiga, akapiga, akapiga, mpaka rundo likaisha. Sahihi ya daktari ilikuwa imetangulia kuwekwa kwenye fomu tupu. Wachezaji wenyewe walikuwa uwanjani wanapasha misuli. Hakuna aliyevua shati. Hakuna aliyeulizwa hata jina la baba yake.

Karatasi hiyo nilipewa L1, nikapewa L2, nikapewa L3. Kila mwaka nilikuwa mzima kabisa. Na kila mwaka nilikuwa nachoka mapema kuliko mwaka uliotangulia, nakohoa usiku, nalala nimeegemea mito. Kocha aliniita mvivu, nami nikaongeza mazoezi.

Mtu wa kwanza kunisikiliza alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha kartye yetu, niliyemwendea kwa ajili ya kikohozi. Aliweka stetoskopu chini ya ziwa la kushoto, akanyamaza. Akaniambia nilale ubavu wa kushoto, akasikiliza tena, muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: utotoni uliwahi kuugua koo, baadaye magoti yakavimba?

Niliwahi. Beni nzima, nani hakuwahi kuugua koo? Tunapewa maji ya chumvi, tunarudi darasani. Kumbe koo lile lisipotibiwa sawasawa, kwa baadhi yetu mwili unapopigana na vijidudu unaanza kujipiga wenyewe: viungo vinavimba, kisha moyo unaguswa. Viungo hupona. Milango ya moyo, zile vali zinazofunguka na kufungika, hubaki na makovu, na kila homa ya namna hiyo inaporudi kovu linaongezeka. Kwa Kiswahili tunaiita homa ya baridi yabisi. Mama zetu wanasema rimatizme. Ili isirudi kuna dawa ya zamani kuliko mimi na wewe, penisilini ya sindano, kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi.

Sindano, Bwana DG. Sisemi operesheni ya Ulaya wala mashine ya kuagizwa kwa ndege. Sindano ya takoni, ambayo muuguzi wa kituo cha afya anaijua.

Kuna utafiti uliofanyika si mbali na sisi, kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao ugonjwa huu ulikuwa ndiyo kwanza umeanza bila wao kuhisi lolote, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano kila wiki nne, lingine likafuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka 2 walipimwa upya. Kati ya waliochomwa, wale ambao moyo ulikuwa umeharibika zaidi walikuwa 3. Kati ya wasiochomwa, 33. Matokeo yake yamechapishwa, madaktari wa dunia nzima wameyasoma. Mimi sikuwa mtoto wa Gulu, na hakuna daktari atakayeniapia kwamba vali yangu ingeokoka. Ninachojua ni kwamba chuo chako kiliniweka katika kundi la pili bila kuniuliza, na wale wa kundi la pili angalau walikuwa wanafuatiliwa.

Kama yule bwana wa droo angekuwa na stetoskopu badala ya muhuri nilipokuwa L1, huenda ningeanza sindano nikiwa L1. Kama angekuwa nayo L2, ningeanza L2. Nimeanza nikiwa L3, tundu la vali likiwa limekwisha kuwa jembamba.

Muuguzi alitaka nipigwe ekografi ya moyo. Goma, tangu ilipotekwa na waasi Januari 2025, haikuwa njia ya kupita. Tukapita mpaka wa Kasindi hadi Kampala, kwenye taasisi ya moyo iliyoko Mulago. Nauli na vipimo vililipwa na kakao, ile ya mwisho ya shamba ambalo hatuthubutu tena kulifikia. Mama aliiuza kabla haijakauka vizuri, kwa bei ya mwenye shida. Kule niliambiwa mashindano basi. Niliambiwa pia kwamba nisibebe mimba kabla ya kuongea na daktari wa moyo. Familia ya mchumba wangu imekwisha kusikia hilo, na hapo nanyamaza.

Usiniambie kwamba mji huu hauna mazoea ya kupima watu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ebola ilipoua watu 2,287 katika eneo letu, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na sikuingia darasani, kanisani wala sokoni bila kunawa maji ya klorini na kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Walipima mpaka watoto wa mgongoni. Kwa hiyo tukitaka kupima tunapima. Ila kwa ebola wafadhili walikuwa wanahesabu, na kwa vifua vya wachezaji wa mpira wa mikono hakuna anayehesabu.

Utaniambia pia kwamba kupima hakuokoi kila mtu. Kweli. Fabrice Muamba, mtoto wa Kinshasa, alikuwa akichezea klabu ya Uingereza yenye madaktari wake, na bado tarehe 17 Machi 2012 alianguka katikati ya mechi, moyo ukasimama dakika 78. Lakini palikuwa na watu waliofundishwa cha kufanya, na daktari wa moyo aliyekuwa amekaa na mashabiki aliruhusiwa kuingia uwanjani. Muamba akaishi. Aliacha mpira mwaka ule ule, akaenda chuo kikuu kusomea uandishi wa habari za michezo, akahitimu. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani kule Lyon tarehe 26 Juni 2003, akafa, na kufikia Kombe la Dunia la 2006 FIFA ilikuwa imeanza kutaka wachezaji wapimwe moyo kabla ya mashindano. Italia ilishaandika sheria ya namna hiyo tangu 1982. Sisi hapa, mchezaji akianguka, tunasema amerogwa na timu pinzani. Mwaka unaofuata tunalipa tena dola tano.

Sasa nije kwenye barua yako, ile moja uliyowahi kunijibu.

Nilipotoka uwanjani nilitafuta la kufanya. Kukaa nyumbani Bungulu nikisikiliza wenzangu wakipita kwenda mazoezini kulinishinda. Nikajiunga na vijana wa Msalaba Mwekundu, nikajifunza kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka na moyo kusimama. Nikampata kijana anayemaliza masomo ya uuguzi katika chuo kingine, mwenye stetoskopu yake, na mwalimu wake akakubali kuja naye. Kocha alikubali pia. Wasichana tuliwasikiliza mmoja mmoja ndani ya darasa tupu, pazia likiwa kitenge changu, wavulana kwenye benchi nyuma ya goli. Hatukutoa dawa wala kudai hata franka moja. Hatukusaini kitu.

Msichana mmoja alisikika vibaya. Wa L1. Tulimpeleka kwa muuguzi yule yule wa kartye, akampeleka mbele. Kovu lake ni dogo. Anachomwa sindano kila mwezi, na daktari amemruhusu aendelee kucheza. Soma tena hapo, Bwana DG: anaendelea kucheza. Sertifika yake ya mwaka huu inasema mzima kabisa, muhuri uko sawa, umenyooka.

Ukaniandikia kwamba sina sifa ya kugusa wachezaji, kwamba nasumbua timu na kuchafua jina la chuo, na kwamba nisikanyage uwanja. Kuhusu sifa, umesema kweli: sina, na ndiyo maana nilileta mwenye nazo. Kuhusu jina la chuo, mimi sijalitaja hata leo.

Ninachoomba si kikubwa. Sertifika isitolewe kwa mtu ambaye kifua chake hakijasikilizwa. Mji una vituo vya afya, una wanafunzi wa uuguzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi, na dola tano mara wachezaji wote wa chuo inatosha kumleta daktari kwa siku moja na kumpa chakula cha mchana. Atakayetiliwa shaka apewe barua ya kumpeleka mbele, na asifutiwe msamaha wa masomo kwa kosa la kuugua. Wanaosikika vibaya waanzishiwe sindano. Nami nirudishiwe nafasi pembeni ya uwanja, kazi ya huduma ya kwanza, kwa nusu ile ile ya minervali. Kama bajeti imebana sana, basi nirudishiwe dola tano zangu za kila mwaka, kwa kuwa huduma niliyolipia sikuipata.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna linalonikera zaidi ya chuo chako. Mji mzima unaendeshwa hivi hivi. Kwenye kizuizi cha barabara unalipa, unapewa jetoni, na hakuna anayetazama kama breki za gari zinashika. Jengo linapata ruhusa, mvua moja ya Novemba ukuta uko chini. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu waliouawa kwa panga na risasi, na wakubwa wamejifunza kutuambia kwamba kuna vita, tuvumilie. Vita vipo. Lakini si waasi waliosaini fomu tupu na kuzifungia kwenye droo nyuma ya maktaba.

Mechi ya kwanza ya msimu ni Jumamosi. Saa mbili asubuhi tutakuwa nje ya ukuta wa uwanja, mahali ambapo amri yako haifiki, mimi, yule kijana wa uuguzi, mwalimu wake na stetoskopu. Tumewaambia wachezaji wapitie kwetu kabla ya kuingia. Ukimtuma mlinzi atufukuze, mwambie aje amefungua vifungo vya shati. Tutaanza naye.

Aliyekuwa winga wako wa kushoto.