Likizo ya visiwani: tuulize upepo kabla ya nauli

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nizungumze na wananchi wenzangu ambao, likizo ikikaribia, huanza kuhesabu fedha za kwenda kupumzika Unguja, Pemba au Mafia. Siku hizi safari hizo si za wageni kutoka Ulaya peke yao. Wafanyakazi, walimu, wafanyabiashara wadogo na akina mama wanaochangishana katika vikundi nao huvuka bahari kwenda kuona visiwa vya nchi yao. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini wengi wetu tuna kosa moja: tunaanza na nauli, na upepo tunaukumbuka tukiwa tumekwisha kukata tiketi.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokosea hivyo. Mwaka mmoja nilipewa likizo mwezi Aprili. Nikasikia kuwa nyumba moja ya wageni pwani ya mashariki ya Unguja imepunguza bei hadi nusu. Nilishangilia, wala sikujiuliza kwa nini imepunguza. Tulikaa siku 5, na katika hizo siku 4 zilikuwa za mvua. Watoto walicheza karata chumbani, nami nilitumia fedha za chakula kukodi magari kwa sababu njia ya kwenda barabarani ilikuwa tope tupu. Siku ya kurudi nilikuwa nimeishiwa. Hapo akatokea mtu akatushawishi tupande chombo kidogo cha mizigo ambacho kingeondoka usiku kwa nauli nafuu. Nilikaribia kukubali. Mke wangu ndiye aliyekataa, akasema ni heri tukope kwa ndugu kuliko kuwapakia watoto kama magunia. Tulikopa. Leo nakiri mbele ya wasomaji kwamba yeye alikuwa na busara kunishinda.

Ndugu Mhariri, tusidhani kwamba hatari hiyo ni ya kubuni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikapinduka karibu na Chumbe wakati wa upepo mkali na mawimbi makubwa. Mamia ya wenzetu walipotea katika misiba hiyo miwili. Bahari haimwulizi mtu kama yuko safari ya kazi au ya mapumziko.

Kwa hiyo nashauri kila mwenye kupanga safari aanze na kalenda ya upepo ambayo wazee wa pwani wanaijua kwa moyo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na hiyo ni miezi ya joto kali. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na Aprili ndio mwezi wa kuogopa kuliko yote. Kusi huvuma baada ya hapo na kupata nguvu Juni, Julai na Agosti. Wakati huo mvua ni chache na hewa ni ya ubaridi, lakini bahari huchafuka, hasa upande wa mashariki na kusini wa visiwa. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, na Novemba huwa na mvua nyingi zaidi.

Mzazi mwenye watoto wa shule hana uhuru mkubwa wa kuchagua, kwa kuwa shule hufungwa Juni na Desemba. Basi nasema achague Juni. Masika yamekwisha, jua si kali, na wageni wengi wa Julai na Agosti bado hawajafika kupandisha bei. Ila kwa sababu ya kusi asafiri mchana, kwa chombo kikubwa chenye kibali, kutoka bandari rasmi, na asikilize kwanza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwisho wa Desemba uachwe kwa wenye mifuko mizito. Anayetaka kumwona papa potwe kule Mafia ajipange kati ya Oktoba na Februari, apitie Nyamisati kwenda Kilindoni.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa bara hatulijui: maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji huweza kufika karibu mita 4. Huko Paje na Jambiani bahari hukimbia mbali, na mgeni aliyeamka saa 4 asubuhi akitaka kuogelea hukuta mchanga na matope. Wapo wanaokasirika wakidai wamedanganywa na mwenye nyumba. Hawakudanganywa. Wangeuliza hali ya mwezi wangejua kwamba siku hizo maji hujaa yapata saa 10 alasiri.

Sasa nije kwenye mfuko. Fedha ya nauli ya kurudi itengwe siku ya kwanza, ifungwe, na isiguswe hata kwa zawadi ya karafuu. Hiyo ndiyo fedha inayomkinga mtu asijitie katika chombo kibovu. Daladala za kwenda shamba zipo, na nauli yake ni ndogo sana ikilinganishwa na gari la kukodi. Chakula cha mama lishe hushibisha sawa na cha hoteli. Pale Forodhani uliza bei kabla ya kuketi, kwani kuuliza si ushamba. Siku 3 za mwezi mzuri zina faida kuliko siku 7 za mwezi mbaya.

Kadhalika, tusisahau kwamba tunakwenda majumbani mwa watu. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni. Kijijini avae mtu kanga au nguo ya heshima. Mwezi wa Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo atazame kabla ya kupanga, kwani mchana migahawa mingi hufungwa, na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji. Wale wanaofika Makunduchi mwezi Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa wakumbuke kuwa ile ni mila ya wenyewe, si ngoma iliyoandaliwa kwa ajili ya picha zao. Na zile kamba na vijiti vinavyoonekana maji yanapokupwa si takataka. Hayo ni mashamba ya mwani, na wengi wa wakulima wake ni akina mama wanaosimama majini kwa saa nyingi. Nimewaona kwa macho yangu wageni, na baadhi yao Watanzania wenzangu, wakikatiza katikati yake wakicheka. Je, nani kati yetu angefurahi mgeni akikatiza katika mahindi yake?

Najua wapo watakaosema kwamba mapumziko ya visiwani ni anasa, na kwamba mnyonge akae kwake. Sikubaliani nao. Mfanyakazi amevuja jasho mwaka mzima, na mtoto wake ana haki ya kuiona Mji Mkongwe kwa macho badala ya kuisoma kitabuni tu. Tena fedha yake humfikia mvuvi, dereva na mama lishe moja kwa moja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwisho, nina maombi matatu kwa wanaohusika. Kwanza, taarifa ya upepo na mawimbi ya siku ile ibandikwe kwenye kila dirisha la tiketi, kwa Kiswahili chepesi na kwa maandishi makubwa, na vyombo vinavyopakia abiria kwa siri usiku vikamatwe kabla havijang'oa nanga. Pili, nyumba za wageni ziandike mlangoni bei ya mwananchi kwa shilingi, ili tusipigishwe hesabu za dola katika nchi yetu. Tatu, waajiri wawatangazie wafanyakazi zamu za likizo mapema, kwani mtu anayeambiwa leo kwamba likizo yake inaanza kesho hawezi kuchagua mwezi wala kuweka akiba.

Nasi wasafiri tufanye sehemu yetu. Aliyepunguza bei ana sababu yake, na ni wajibu wetu kuiuliza kabla ya kutoa fedha. Mimi sikuuliza, na nusura watoto wangu ndio walipe.

Mzazi Aliyejifunza,
Morogoro.